Wanyama wa Simu na Miti ya Shemeji

Mimi hufunga upya mota za umeme. Mtu akiniletea mota ya mashine ya kusaga iliyoungua, naifungua, nahesabu mizunguko ya waya wa zamani, naiandika daftarini, kisha nafunga waya mpya kwa hesabu ileile. Kazi hii nilijifunza mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada, na karibu kila ninachokijua nilikipata kwa njia hiyo: kusoma polepole, kuandika, kujaribu. Karakana yangu iko katika komini ya Tshopo, hapa Kisangani. Kwa kuwa bwawa la umeme liko karibu, mtu angedhani kwetu umeme haukatiki. Unakatika, na ni katika saa hizo za kukaa bila kazi ndipo nilipoanza kusoma habari za wanyama wa simu.

Mteja mmoja ndiye aliyenionyesha. Ulikuwa mchezo wa kupigana. Kila mchezaji alihitaji wanyama watatu wa kuchorwa, wenye miili ya mviringo kama viazi, huyu na pembe, yule na mapezi, mwingine na mkia wa majani. Mnyama ukishamnunua alikuwa wako kweli, kwa sababu namba yake iliandikwa katika daftari ambalo halikai kwa mtu mmoja. Nakala zake ziko katika kompyuta nyingi sana duniani, na lililokwisha kuandikwa humo halifutiki. Daftari hilo huitwa blokcheni. Ukishinda pambano ulipata sarafu za mchezo, na sarafu hizo zilibadilishwa kuwa dola. Kanuni ziliandikwa kwa Kiingereza. Nilizisoma kwa wiki tatu, kamusi pembeni, kabla ya kununua hata mnyama mmoja. Nilipomaliza nilinunua watatu, nikaanza kucheza saa za mchana umeme ulipokuwa haupo.

Sikucheza peke yangu kwa muda mrefu. Kaka mkubwa wa mke wangu ni mvuvi wa maporomoko. Maji ya mto yanapopungua, yeye na ndugu zake husimika miti mirefu katika mashimo ya miamba, huifunga kwa kamba za kekele, mtambaazi mgumu wa msituni, na juu yake hutundika vikapu vya mtego vyenye mdomo mpana kama mlango wa kibanda. Maji yakirudi na nguvu zake, husukuma samaki ndani ya vikapu. Kila familia ina mahali pake, panajulikana tangu kwa babu. Mwaka ule mafuriko yalikuwa yamebeba karibu miti yote ya shemeji. Alikuwa ameweka nusu ya pesa za miti mipya, na miezi minne ilibaki kabla ya maji kupungua. Kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuja karakana kila siku na kuchungulia simu yangu.

"Bokilo," aliniuliza siku moja, kama tunavyoitana mashemeji, "hii nyama yako iko inakula nini?"

"Haili kitu."

"Inagonjwaka?"

"Hapana."

"Banaweza kuiiba?"

"Ukificha maneno ya siri, hakuna wa kuiiba."

Alimtazama yule mwenye mapezi kwa muda. "Na kuzaa? Inazaa?"

Nikamwambia inazaa. Unawaunganisha wawili wowote, maana hawana dume wala jike, unalipa sarafu kidogo, yai linatokea, na baada ya siku tano linapasuka.

"Bon," akasema, "hii iko mbuzi. Mbuzi yenye haiharishake."

Siku mbili baadaye alirudi na pesa zake za miti. Nilimwambia hapana. Nilimwandikia kwenye karatasi sababu nne za kuweza kuzipoteza zote, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema hata mbuzi hufa, na mimi mwenyewe sikuwa nimemwona mbuzi wa Yangambi aliyekufa kwa kula mfuko wa plastiki? Nilikuwa nimemwona. Alikuwa wangu. Tukakubaliana kwamba maji yakianza kupungua tutauza, naye anunue miti yake, na zikibaki faida tutagawana.

Mke wangu, ambaye huuza samaki wa kaka yake sokoni, alisikia habari hiyo mezani, akamgeukia kaka yake, ambaye humwita Yaya.

"Yaya, donc miti yako sasa iko ndani ya telefone?"

"Iko inakomea mule," akajibu shemeji, akiongeza lituma, ndizi za kupondwa, kwenye sahani yake. Kukomea ni kukua.

Tukawa na wanyama sita, watatu wake na watatu wangu. Shemeji aliwapa majina ya samaki. Yule mwenye mapezi akawa Ngolo, na alikuwa mpiganaji wetu hodari. Shemeji alicheza vizuri kuliko mimi. Mimi nilihesabu kila pigo kabla ya kulitoa, na mara nyingi nilishindwa kwa mahesabu sahihi kabisa. Yeye alimtazama adui kwa nukta moja, kama anavyotazama maji, akapiga. Sarafu tulizoshinda hatukuzitoa. Tulizitia zote katika kuzalisha.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyofikiri, maana ndipo kosa lilipo. Sisi wote wawili tulikuwa tumefuga mbuzi kwa desturi ya kukabidhi: unampa ndugu mbuzi jike amtunze, mtoto wa kwanza ni wake, wa pili ni wako, na hivyo kuendelea. Mimi nilikuwa na majike wawili kwa baba mdogo wangu upande wa Yangambi. Kwa watu wa desturi hiyo, jike aliyekwisha kuzaa ana bei kubwa kuliko ambaye hajazaa. Umeona maziwa yake, umeona hatupi watoto. Swali la kwanza la mnunuzi ni, "Amezaa mara ngapi?", na ukijibu mara nne anaanza kupapasa mfuko wake.

Katika kanuni za mchezo ilikuwapo sentensi moja niliyoiandika daftarini na kuipigia mstari: kila mnyama anaweza kuzaa mara saba tu. Niliisoma kama fundi anavyosoma uwezo wa mota. Ikiwa inaweza saba, mtu mwenye akili huitumia saba.

Basi tukazalisha. Jozi tatu, kila jozi mara saba. Kila yai lilipofika siku yake ya tano, shemeji alikuja amekwisha kuoga, amevaa shati safi lenye kola. Mara ya kwanza nilimuuliza kama anakwenda kanisani.

"Mutu haendake kuona mutoto na harufu ya samaki," akanijibu, akavuta kiti.

Yai lilitikisika, likapasuka, na sisi wanaume wawili wenye mvi tuliinama juu ya kioo cha simu tukitafuta kujua mtoto amechukua mapezi ya nani. Wateja waliokuja kuchukua mota zao walisubiri. Mmoja wao, mwenye mashine ya kusaga, alianza kuja siku za tano kwa makusudi, akatoa maoni yake kuhusu pembe. Tulifika watoto ishirini na mmoja. Sijui kama nimewahi kufanya kazi nyingine iliyonifurahisha hivyo.

Kisha maji yakaanza kupungua. Miamba ilitoa vichwa, na ndugu za shemeji wakaanza kusafisha mashimo yao. Muuzaji wa miti, mtu wa ng'ambo ya mto, alimwekea mzigo mmoja, akampa wiki mbili. Shemeji alikuja karakana asubuhi, akakaa, akasema kwa utulivu, "Sasa tuuze. Tuanze na mama zao."

Nilifungua ukurasa wa soko. Nikatafuta wanyama walio kama Ngolo, wenye mapezi yaleyale, waliozaa mara saba. Bei yao ilikuwa ndogo kuliko ya samaki mmoja wa kukaushwa. Nilidhani nimekosea. Nikatafuta tena. Halafu nikatafuta walio kama yeye ambao hawajazaa hata mara moja, nikaona bei iliyonifanya nivue miwani.

"Nini?" akauliza shemeji.

"Aliyezaa hana bei. Ambaye hajazaa ndiye mwenye bei."

"Ni soko ya wapi hiyo?"

Nilimweleza nilivyokuwa ninaanza kuelewa mwenyewe. Mnunuzi hanunui mnyama tu. Ananunua na mazao yaliyobaki ndani yake, na mama zetu tulikuwa tumewamaliza. Tena dunia nzima ilikuwa imezalisha kama sisi, kwa hiyo hata watoto walikuwa wengi sokoni, na bei yao ilikuwa ya chini. Nilikuwa nimesoma kanuni zote, lakini sikuwa nimefungua ukurasa wa soko kutazama watu hununua nini. Mwandishi wa kitabu cha mota huandika idadi ya mizunguko, haandiki mwenye mashine anataka kusaga nini. Hilo nilipaswa kuuliza mwenyewe.

"Donc," akasema shemeji, "mama ya batoto saba iko bure?"

"Bure kabisa."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Kisha akajifuta macho.

"Lakini miti, bokilo, yenyewe haichekake."

Nilijua maana yake. Bila miti kabla ya maji kurudi, hangetundika kikapu hata kimoja msimu mzima. Watu wa nyumba yake hula kwa vikapu vile. Na mahali pa familia pakikaa wazi msimu mzima, binamu huanza kupatazama, kwanza kwa huruma, halafu kwa kupapima. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia yake. Hakutaka kuwa ndiye aliyeacha mashimo ya babu yajae mchanga.

Siku tatu nilijaribu kuwauza watoto mmoja mmoja katika ukurasa wa soko. Nilimuuza mmoja, kwa mtu nisiyemjua wa nchi nisiyoijua, na gharama za kumuuza zilikula karibu nusu ya bei yake. Siku ya nne mke wangu alipita karakana na chakula cha mchana, akanikuta nimeandika bei za chini katika safu tatu. Nikamweleza hali ilivyo.

"Unauzisha moja moja?" akauliza.

"Ndiyo. Ndivyo soko lilivyo."

"Baba ya batoto, samaki ndogo unaionaga naiuza moja moja? Nani atasimama kununua samaki kama kidole? Unapanga fungu."

"Hawa si samaki."

"Mutu akitaka kuanza hii mucheze, anaomba nyama ngapi?"

"Tatu."

"Basi fungu ni tatu. Na usiweke tatu zenye kufanana. Unaweka moja nene kwa mbele, ingine yenye mafuta, ingine ya kujazia. Munene inaita muteja."

Alipakua chakula, akaondoka kwenda kuuza. Mimi nilikaa na kijiko mkononi. Nilifahamu jambo ambalo alikuwa amelieleza bila kuwahi kucheza: anayeanza hajui kuchagua. Anahitaji mmoja wa kusimama mbele kupokea mapigo, mmoja wa kupiga, na mmoja wa kuwaponya wenzake. Katika ukurasa wa soko angelazimika kuwatafuta kati ya maelfu, kulipa gharama mara tatu, na kuwa na kadi ya benki ambayo hapa mjini ni wachache walio nayo. Mimi ningeweza kumpa watatu waliopangwa, naye anilipe kwa pesa taslimu.

Mchana ule na kesho yake tulipanga mafungu. Shemeji aliwajua watoto wote kwa tabia, akasema huyu hapatani na huyu, huyu mvivu, huyu mkali lakini ana mfupa mwepesi. Tulipata mafungu sita, kila moja limejaribiwa katika mapambano kumi. Wawili waliosalia hawakupata wenzao wa kufaa. Nilibandika tangazo moja mlangoni na jingine karibu na chuo kikuu, mahali wanafunzi wanapopiga fotokopi.

Mke wangu alitoa sharti moja tu: mteja aguse. Sokoni watu hufunua mashavu ya samaki kuona wekundu. Hivyo kila mteja alicheza pambano moja na fungu lake kabla ya kulipa. Sharti la pili lilikuwa langu. Nilichapa karatasi fupi isemayo kwamba huu ni mchezo, bei yake inaweza kushuka mpaka chini kabisa, na mnunuzi asitumie pesa za karo wala za kodi ya nyumba. Kila aliyenunua aliisoma na kutia sahihi mbele yangu. Wawili walisoma, wakafikiri, wakaniaga vizuri. Nilifurahi pia kwa hao, ingawa shemeji alinitazama kama mtu anayeona samaki akiruka nje ya kikapu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa sheria aliyefika kwa toleka, baiskeli ya abiria, akamwambia mwenye baiskeli amngoje. Alicheza, akashinda, akauficha uso wake ili tusione furaha. Kisha akaanza kupunguza bei. Mke wangu alikuwa amekuja kutazama. Nilimwachia.

"Mama, fanya kidogo," akasema mwanafunzi.

"Mutoto wangu, bei ni ile umesikia."

"Bon. Lakini matabishi yangu iko wapi?"

Matabishi ni ile nyongeza ambayo muuzaji humtupia mteja juu ya kipimo, na hapa kwetu mtu asiyeitoa huonekana mwenye roho ngumu. Mimi nilianza kueleza kwamba katika daftari la blokcheni hakuna nafasi ya nyongeza. Mke wangu alinigeukia.

"Zile mama zenye haziuze ziko ngapi?"

"Sita."

"Mupatie moja."

"Ipi?" akauliza mwanafunzi, macho yameng'aa.

"Mama ya batoto saba," akasema shemeji kwa sauti ya heshima. "Haizaake tena. Lakini kupigana, ile hajasahau."

Ikawa hivyo kwa kila fungu. Wazazi sita, mafungu sita. Wanafunzi waliambiana kwamba kwa fundi mota kuna fungu lenye mama juu yake, na wa mwisho wawili walikuja siku moja wakagombana nani alitangulia. Ngolo alichukuliwa na msichana wa kitivo cha tiba aliyempambanisha kwanza, kisha akamuuliza shemeji maswali mengi kuhusu yule mnyama, utadhani anaolewa naye. Shemeji alijibu yote. Msichana alipokwenda, shemeji alisimama mlangoni kidogo, mikono nyuma.

Pesa hazikutosha miti yote. Zilitosha sehemu yake kubwa, na iliyobaki niliilipia kutoka mfukoni mwangu, maana ile faida ya kugawana haikuwapo. Siku ya kumi na mbili kati ya kumi na nne, tulivuka mto kwenda kuichukua. Muuzaji aliuliza shemeji alikuwa wapi siku zote hizo.

"Nilikuwa nauzisha batoto," akasema, akaanza kuhesabu miti.

Kusimika kulichukua siku tano. Ndugu wanaume wa familia walishika miti kwa mabega katikati ya maji, na mimi, ambaye naogelea vibaya, nilipewa kazi ya kufunga kamba palipo pakavu. Nilifunga kama nifungavyo waya: mizunguko kumi na miwili, imelala sambamba, hakuna uliompanda mwenzake. Binamu mmoja, anayeniita Tonton, yaani mjomba, alipita, akaitazama.

"Tonton, hii ni kufunga mutego ao kushona kanzu ya padri?"

"Muache," akasema shemeji. "Yeye bila kuhesabu hapumuake."

Miezi iliyofuata bei ya sarafu za mchezo ilianguka, ikaendelea kuanguka, mpaka ushindi wa siku nzima haukununua hata megas za intaneti za kuchezea. Mwanafunzi wa sheria alipita karakana kulalamika. Nilimtolea karatasi yenye sahihi yake. Akasema anaikumbuka vizuri, alitaka tu kulalamika mbele ya mtu anayeelewa, na akakaa saa nzima. Ile mama yake bado ilikuwa inashinda. Wale watoto wawili waliosalia ninao hadi leo katika simu, na sijatafuta bei yao.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Baada ya kusimika tulingoja siku chache tu, kisha maji yakarudi, ya kahawia, yamebeba majani na matawi. Tulisimama juu ya mwamba asubuhi, ndugu wote. Mti mmoja wa pembeni uliinama, ukakaa hivyo. Mingine ilitetemeka kama mota inayowashwa mara ya kwanza, nikajikuta naisikiliza. Ilitulia. Shemeji alitoka mwambani, akapanda juu ya miti peku, akatembea mpaka katikati, akarukaruka mara mbili kwa uzito wake wote. Kisha akaomba apewe kikapu cha kwanza.

Siku ya pili yake alikivuta. Nilikuwa nimekuja kabla ya kufungua karakana, na nilimwona akivuta, akiacha, akivuta tena, mgongo umepinda. Binamu zake walikuwa kwenye miti yao. Alitazama huku na huku, akaniona mimi tu.

"Bokilo, vua viatu, panda," akaita. "Hii iko nzito."